Mwami Yuhi Musinga: Mfalme Aliyehukumiwa Bila Kesi

Mji wa Kamembe kila msomaji wa gazeti hili anaujua. Huko ndiko tunakoshukia tunapotoka makwetu kuja shuleni, huko ndiko tunakonunua madaftari na sabuni, na kutoka huko twaiona Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi. Walakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba mahali hapo aliishi mfalme wa Rwanda kwa muda wa karibu miaka tisa, naye hakuja kwa kupenda kwake. Aliletwa baada ya kufukuzwa katika kiti chake. Mfalme huyo ni Mwami Yuhi wa Tano Musinga. Alipewa adhabu kubwa kupita zote anazoweza kupewa mfalme, na tangu siku ile hata kufa kwake hakupata kusimama mbele ya hakimu aulizwe, ajibu, na mashahidi wasikiwe. Tumeona vema basi kuwaeleza wanafunzi na ndugu zetu waliokwisha maliza shule maisha ya mtu huyu, kwa sababu sehemu ya habari zake ni habari za kwetu.

Musinga alizaliwa karibu na mwaka wa 1883. Baba yake alikuwa Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, mfalme mwenye vita vingi, aliyepanua nchi kila upande na kufika na majeshi yake hata ng'ambo ya ziwa Kivu. Mama yake aliitwa Kanjogera, wa ukoo wa Abega. Rwabugiri alikuwa amekwisha mteua mwanawe mwingine, Rutarindwa, awe mrithi wake. Kwa kuwa mama wa Rutarindwa alikuwa amefariki, na desturi ilitaka mfalme atawale pamoja na mama yake, Rwabugiri alimpa Kanjogera cheo cha kuwa mama mfalme wa kijana huyo. Hapo ndipo penye mbegu ya fitina, maana Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kumzaa.

Rwabugiri alifariki mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata, mahali paitwapo Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake, hasa Kabare, walimpindua Rutarindwa. Rutarindwa alikufa motoni nyumbani mwake pamoja na watu wake, na Musinga akawekwa juu ya kiti, akapewa jina la Yuhi. Alikuwa bado kijana mdogo, na kwa miaka mingi waliotawala hasa ni mama yake na wajomba zake. Jambo hili hatulifichi. Mfalme tunayesimulia habari zake aliingia katika enzi kwa mlango wenye damu, ijapokuwa mkono uliomwaga damu hiyo haukuwa wake.

Mwaka ule ule wa 1896 ndio watu wa huku Kinyaga, maana hilo ndilo jina la zamani la nchi yetu ya Rusizi, walipoona kwa mara ya kwanza nguvu ya bunduki za Wazungu. Askari wa dola ya Kongo walifika Shangi, na jeshi la Rwanda lilipowaendea likashindwa. Basi Kabare na Kanjogera walitambua kwamba kupigana na wageni hao hakuna faida. Mwaka wa 1897 alipofika Kapteni Ramsay, Mjerumani, walimpokea kwa amani, wakakubali bendera yake. Wajerumani hawakuwa wengi. Dakta Richard Kandt, aliyeanzisha makao ya Serikali mjini Kigali mwaka wa 1907, alitawala kwa kupitia kwa Mwami. Watu wa ikulu walipata nguvu kwa urafiki huo, na Wajerumani walipata nchi bila ya askari wengi.

Katika siku hizo Musinga alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotumiwa na Serikali ya Wajerumani. Wasomaji wa sehemu hii ya gazeti letu watapenda kulijua jambo hili: lugha tunayojifunza sisi darasani, mfalme yule aliijua kwa kalamu. Tusidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kuikataa elimu. Aliitaka elimu iliyomsaidia katika kazi yake. Asichokitaka ni dini mpya. Mapadri Weupe walifika ikuluni mwaka wa 1900, wakajenga Save mwaka ule ule, na mwaka wa 1903 wakafika huku kwetu Mibirizi. Musinga aliwaacha wafundishe watu wengine, lakini yeye mwenyewe hakukubali kubatizwa. Mfalme wa Rwanda alikuwa ndiye kichwa cha ibada za nchi na mlinzi wa ngoma Karinga, na alijua kwamba akiziacha ibada hizo anaacha pia sababu ya kuitwa Mwami.

Mwaka wa 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia kutoka Kongo na Wajerumani wakakimbia. Hapo mambo ya Musinga yakaanza kugeuka. Wabelgiji walimwacha katika kiti, lakini kila miaka michache walimpunguzia kitu kimoja. Mwaka wa 1917 alitakiwa kutia sahihi amri ya uhuru wa dini, na uwezo wake wa kuua na kuacha hai ukaondolewa. Baadaye kidogo akawekewa ofisa wa Serikali wa kukaa pamoja naye katika kukata kesi. Mwaka wa 1923 akakatazwa kuweka au kuondoa machifu bila ya idhini ya Bwana Residenti. Mwaka wa 1925 sherehe ya malimbuko, iitwayo umuganura, ikapigwa marufuku, na Gashamura, mkuu wa ibada hizo, akahamishiwa Burundi. Mtu anaweza kuwa mfalme bila ya jeshi, lakini sijui kama anaweza kuwa mfalme bila ya machifu wake, bila ya hukumu yake, na bila ya sherehe zake.

Tangu mwaka wa 1926 Wabelgiji walibadili pia mpango wa utawala wa vilima. Vyeo viliunganishwa, machifu wazee wakaondolewa, na mahali pao wakawekwa vijana waliotoka shuleni, na wengi wao walikuwa wakisoma dini. Vijana hao walijua kwamba vyeo vyao vimetoka kwa Serikali, wala havikutoka kwa Mwami. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe Musinga aliwaona wanawe na jamaa zake wakielekea misheni. Huku Kinyaga mwenye nguvu alikuwa chifu Rwagataraka, mtu wa ukoo wa Abega, jamaa wa Kanjogera. Alikuwa rafiki mkubwa wa Wabelgiji, na hakuwa rafiki wa Mwami.

Sasa tuyatazame mashtaka. Wakuu wa Serikali walisema kwamba Musinga anapinga maendeleo, kwamba anawasumbua machifu waliosoma, kwamba anawachukia Wakristo, kwamba hajali watu wake, na kwamba mwenendo wake wa siri haufai. Askofu Léon Classe, mkuu wa misheni katika Rwanda, alimlaumu kwa maandishi na kuishauri Serikali imwondoe. Maneno hayo yaliandikwa katika barua na ripoti za Wazungu, yakapita kutoka ofisi hata ofisi. Huenda mengine yalikuwa kweli, na huenda mengine yalikuwa chuki tu. Nani awezaye kuyatenga, ikiwa hayakuletwa barazani? Mtu wa kawaida aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe mmoja katika mwaka ule ule alipelekwa mbele ya hakimu, akamwona mshtaki wake kwa macho, akajibu. Mfalme wa nchi hakupata haki ile aliyoipata mwizi wa ng'ombe.

Tarehe 12 Novemba, 1931, Gavana Charles Voisin alimtangazia Musinga pale Nyanza kwamba ameondolewa katika ufalme. Tarehe 14 aliondoka pamoja na mama yake, baadhi ya wake zake, watoto na watumishi, kuja Kamembe. Tarehe 16 mwanawe Rudahigwa, aliyekuwa chifu wa Marangara, alitawazwa mfalme. Kwa desturi jina la ufalme lilikuwa likitolewa na wazee walinzi wa siri za ikulu. Safari hii lilitolewa na Askofu Classe, naye alichagua jina la Mutara. Hivyo katika siku nne tu mshtaki alishtaki, mshtaki akahukumu, hukumu ikatimizwa, na mtoto akakalia kiti cha baba yake aliye hai.

Basi Musinga akawa mkazi wa Kamembe. Mtu aliyekuwa akingojewa na machifu tangu asubuhi hata jioni, sasa alikaa katika nchi ya Rwagataraka, adui yake, pembeni mwa ufalme, na msitu wa Nyungwe ukiwa kati yake na Nyanza. Mama yake Kanjogera, aliyekuwa na nguvu katika nchi kwa zaidi ya miaka thelathini, alifariki huko huko Kamembe mwaka wa 1933. Mwaka wa 1936, tarehe 29 Juni, akazaliwa Kamembe mtoto wa kiume aliyeitwa Ndahindurwa. Mtoto huyo alikuja kuwa Kigeli wa Tano, mfalme wa mwisho wa Rwanda. Kwa hiyo mji wetu, uliochaguliwa uwe mahali pa kumaliza habari za mfalme mmoja, ndio uliokuwa mahali pa kuzaliwa mfalme mwingine.

Msomaji atauliza: je, hakuweza kukata rufaa? Hili ndilo jambo kubwa katika habari hii. Rufaa hukatwa juu ya hukumu ya mahakama, na hapa hapakuwa na mahakama. Alichopewa Musinga kiliitwa amri ya utawala. Amri haina mashahidi wa kupingwa, haina hakimu wa kusahihishwa. Ni kweli kwamba Rwanda haikuwa mali ya Ubelgiji. Wabelgiji walikabidhiwa nchi hii waitunze kwa jina la Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na kila mwaka walipeleka ripoti Geneva kwa halmashauri iliyosimamia nchi za udhamini. Wenyeji wa nchi hizo waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao. Lakini kanuni ilikuwa kwamba malalamiko ya mwenyeji lazima yapite kwanza mikononi mwa serikali ile ile inayoitawala nchi. Yaani mwenye kulalamika alipaswa kumpa barua yake yule anayemlalamikia, aipeleke yeye, pamoja na maelezo yake. Mlango wa haki ulikuwapo, na ufunguo wake uliwekwa mfukoni mwa mshtaki.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji huko Ulaya. Wabelgiji wa huku waliogopa kwamba Musinga, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani zamani, anaweza kuwa kiini cha matata. Safari hii tena hapakuwa na kesi. Walimvusha mpaka wakampeleka Moba, katika jimbo la Katanga, kando ya ziwa Tanganyika. Mtoto Ndahindurwa, mwenye umri wa miaka minne, alikwenda pamoja naye. Mwezi wa Oktoba, 1943, huku Rwanda, Mwami Mutara Rudahigwa alibatizwa, na jambo lile alilolikataa baba likatimizwa na mwana. Mwaka wa 1944 Musinga akafariki huko Moba, mwenye umri wa miaka kama sitini. Hakuzikwa katika ardhi ya Rwanda.

Katika jimbo lile lile la Katanga, katika gereza la Elisabethville, alikuwako mfungwa mwingine mashuhuri, Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo ya chini. Huyu alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Thysville mwaka wa 1921, bila ya wakili wa kumtetea, akahukumiwa kufa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu hiyo iwe kifungo cha maisha, naye Kimbangu alifia gerezani mwaka wa 1951, baada ya miaka 30. Kesi yake ilikuwa mbaya, lakini angalau ilikuwapo. Palikuwa na mahakama, tarehe, na hukumu iliyoandikwa. Kwa sababu hiyo mwaka wa 2011, miaka 90 baadaye, Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa iliweza kuifungua tena na kuifuta hukumu ile. Wazao wake na wafuasi wake walipata karatasi ya kushika mkononi.

Tutazame pia Uganda. Mwaka wa 1953 Gavana Cohen alimfukuza Kabaka Mutesa wa Pili, akampeleka Uingereza kwa ndege. Waganda hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Novemba, 1954, jaji akasema kwamba Serikali ilikosea kutumia kifungu cha 6 cha Mkataba wa mwaka wa 1900 kwa ajili ya jambo lile. Mwezi wa Oktoba, 1955, Kabaka akarudi Mengo. Kulikuwa na mkataba wa kusomwa, kulikuwa na mahakama ya kuusoma, na kulikuwa na watu waliothubutu kwenda. Musinga hakuwa na moja katika hayo matatu. Machifu ambao wangaliweza kumsemea ndio waliopewa vyeo na waliomwondoa.

Je, tunasema kwamba Musinga alikuwa hana kosa lolote? La, hatusemi hivyo. Wakulima wa Kinyaga walikuwa na mengi ya kusema juu ya siku zile. Kazi ya lazima iitwayo uburetwa iliwalemea, na machifu waliotumwa kutoka ikuluni walichukua ardhi na mazao. Ukoo wa Rutarindwa nao ulikuwa na machozi yake tangu Rucunshu. Lakini tazameni jambo hili: katika orodha ya mashtaka ya 1931 machozi hayo hayakuwa ndiyo sababu. Wakulima hawakuulizwa. Rwagataraka, aliyewatumikisha watu wa huku kwa mkono mzito, alibaki katika cheo chake, na uburetwa ukaendelea baada ya Musinga kuondoka. Kwa hiyo kukosekana kwa kesi hakukumdhulumu mfalme peke yake. Kuliwadhulumu na wale waliokuwa na haki ya kumshtaki. Kama baraza lingalikaa, na mfalme angalijibu, na mkulima angalisema, leo tungalijua lipi la kumwachilia na lipi la kumlaumu. Badala yake wengine wamebaki kumsifu kuwa shujaa aliyewakatalia wakoloni, na wengine kumtaja kuwa mkaidi, na kila mmoja ana kipande chake tu.

Wanawe wawili waliokuwa wafalme nao walipata mambo yao. Mutara Rudahigwa alifariki ghafula mjini Bujumbura mwaka wa 1959. Ndahindurwa, mtoto wa Kamembe, aliyesoma Astrida na Nyangezi karibu na Bukavu, alichukua mahali pake mwaka ule ule. Mwaka wa 1961 ufalme ukaondolewa, naye akaishi ugenini hata alipofariki Marekani mwaka wa 2016. Mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Mwima, Nyanza, mwezi wa Januari, 2017, mahali alipozikwa ndugu yake. Wanafunzi wanaokwenda Nyanza kutazama jumba la makumbusho la Rukari huiona nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa upya kwa mfano wa ikulu ya Musinga. Nyumba yake imerudi, na wanawe wawili wamelala Mwima. Yeye mwenyewe hayupo.

Ndugu wasomaji, sisi si mahakimu, na kalamu ya mwanafunzi haiwezi kufuta amri ya Gavana. Lakini kuna jambo moja tunaloweza kulifanya. Wengi wetu kesho tutakuwa walimu, makarani, viongozi wa vijiji, na wengine mawakili. Hata leo tunao viranja wa mabweni na kamati za nidhamu, na mara kwa mara hutokea mwenzetu mmoja akatajwa kwa wizi au kwa ugomvi, na jina lake likaharibika kabla ya chakula cha jioni. Hapo tukumbuke yule mzee aliyekaa Kamembe miaka tisa akiwa na hukumu isiyo na kesi. Mshtaki asiwe ndiye hakimu. Mshtakiwa aitwe, aambiwe kosa lake kwa maneno yaliyo wazi, ajibu. Aliyedhulumiwa naye asikiwe. Na yatakayosemwa yaandikwe, ili kama tumekosea, watakaokuja baada yetu wapate mahali pa kusahihisha.